Kofia ya Kuchomelea kwa Fundi wa Uani: Mwongozo wa Mwenye Mfuko Mwepesi

Ukimkuta mtu anachomelea plau uani kwake huku amevaa miwani ya jua, usimwite fundi. Mwite mgonjwa wa saa nane usiku, maana saa hiyo ndipo atakapoamka akipapasa ukuta, machozi yanamtiririka, akiapa kwamba kuna mtu amemtia mchanga machoni. Hakuna aliyemtia. Mchanga huo aliutafuta mwenyewe mchana kweupe, rodi baada ya rodi.

Umeme ukishafika kijijini na mashine ndogo ya inveta ikishaingia nyumbani, hakuna chuma kinachopumzika. Plau iliyopasuka, toroli, mlango wa zizi, stendi ya pikipiki, kitanda cha mtoto, vyote vinapanga foleni uani. Ni jambo zuri sana. Napenda kuona mtu wa Kenyamonta haendi tena Mugumu kwa ajili ya ufa wa sentimita mbili. Kinachoniuma ni kwamba mashine imenunuliwa, waya umenunuliwa, rodi zimenunuliwa, na ikifika zamu ya macho mtu anaazima miwani ya shemeji.

Mwenye karakana ana wa kumkumbusha. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wapo wakaguzi wa OSHA wanaoisimamia. Uani kwako mkaguzi ni jogoo tu, naye hajui namba za vioo. Kwa hiyo mwongozo huu ni wako wewe unayechomelea Jumamosi baada ya shamba, kwa kupenda kazi, na ambaye fedha ya kofia inatoka mfuko uleule wa ada na mbolea.

Kwanza ujue unanunua kinga dhidi ya nini. Moto wa rodi hutoa vitu vitatu kwa mpigo: mwanga unaouona, miale ya joto, na miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni kabisa. Hiyo ya mwisho hubabua utando wa mbele wa jicho, na ubaya wake ni kwamba hailipizi papo hapo. Maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12. Ndiyo maana mtu anamaliza kazi jioni akijisifu kwamba yeye macho yake ni magumu, anakula, analala, kisha nyumba nzima inaamka. Kubabuka huko kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Lakini mwanga wenyewe, hasa ule wa bluu, waweza kuunguza nyuma ya jicho, na huko kidonda hakihesabu siku. Tena mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miale ya urujuanimno ya kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika ni ya jicho.

Sasa twende dukani, iwe Mugumu, Tarime au Musoma. Ukiingia, macho yako yataenda kwenye kofia yenye joka, au ile yenye fuvu linalowaka moto, au tai wa Marekani aliyekunjua makucha. Ziache zilivyo. Joka halizuii mwale hata mmoja, na rangi yake unailipia. Fedha yako ipeleke kwenye kioo. Kofia ni plastiki ya kushikilia kioo na kufunika uso, masikio na shingo. Ikiwa haina ufa, haipitishi mwanga pembeni na mkanda wake unakaza kichwa bila kuteleza, imetosha. Kioo ndicho kofia.

Kioo cheusi cha kuchomelea kina namba, na namba hiyo ina maana. Namba 10 hupitisha takriban sehemu 1 ya mwanga kati ya 7,000. Ukipanda namba moja, mwanga unapungua zaidi ya mara mbili na nusu. Linganisha na miwani ya jua ya kawaida, ambayo hupitisha sehemu moja kati ya kumi hivi, halafu pembeni iko wazi. Hata ile miwani ya kijani ya mafundi wa gesi, namba 5, hupitisha kama sehemu 1 kati ya 50. Kwa gesi inafaa kabisa. Kwa umeme, mwenye kuivaa anajidanganya kwa rangi ya kijani.

Chagua namba kwa kuangalia rodi unayotumia. Rodi ya milimita 2.5, ile wanayoiita geji 12, huchomwa kwa ampea 60 hadi 90 hivi, na namba 10 inaitosha. Rodi ya milimita 3.2, geji 10, hutaka ampea 90 hadi 130, nayo utaivalia namba 10 au 11. Usisikilize takwimu iliyoandikwa ubavuni mwa mashine. Mashine nyingi ndogo zimeandikwa 250 au 300 na haziwezi kufika huko kwa soketi ya nyumbani. Na usifikiri kwamba kioo cheusi zaidi ndiyo usalama zaidi. Ukivaa namba 13 kwa rodi ndogo hutaona unachokichomelea, utainua kofia kidogo uchungulie, na kule kuchungulia ndiko kulikokusudiwa kuzuiwa na kofia nzima.

Namba hiyo iwe imechorwa kwenye kioo chenyewe, si kwenye boksi. Pembeni yake pawe na alama ya kiwanda na ya kiwango: EN 169 kwa kioo cheusi cha kawaida, EN 379 kwa kile kinachojitia giza chenyewe, au Z87 kwa vinavyofuata kiwango cha Marekani. Muuzaji atakwambia, “Mura, hii ni orijino, inazuia mpaka jua.” Mjibu kwa adabu, “Sawa kaka, naomba nione maandishi kwenye kioo.” Alama yaweza kughushiwa, hilo ni kweli, lakini kioo kisicho na alama yoyote kimeshajieleza. Kisha kiweke machoni humo humo dukani. Kioo halali cha namba 10 hakitakuonyesha sura ya muuzaji wala rafu zake. Utaona taa inayowaka, kwa mbali, basi. Ukiweza kusoma bei kupitia kioo hicho, kirudishe na uage vizuri.

Zipo kofia zinazojitia giza zenyewe. Kampuni ya Hörnell ya Sweden ilizileta sokoni mwaka 1981 kwa jina la Speedglas, na siku hizi zimeshuka bei kiasi cha kufika hata madirishani mwa maduka ya vifaa vya pikipiki. Kabla ya moto kuwaka unaona kupitia kioo kama kawaida; rodi ikigusa chuma, kinakuwa cheusi kwa muda ambao kwa kofia nyingi ni sehemu ndogo sana ya sekunde, 1 ya 25,000. Kwa anayejifunza ni msaada wa kweli. Anaona pa kuanzia, mikono yote miwili iko kazini, na hahitaji kutikisa kichwa ili kofia ishuke, jambo ambalo humfanya mwanafunzi kupiga rodi sentimita tatu kando ya mshono. Na kioo cha namna hii kikiwa halisi huzuia urujuanimno na miale ya joto muda wote, hata betri ikifa. Kinachokosekana betri ikifa ni giza, kwa hiyo usiendelee na kazi. Nasema tu kwamba cheche moja ya bahati mbaya haitakupofusha.

Ukiitaka hiyo, uliza maswali mawili kabla ya bei. La kwanza, betri inatoka? Za bei ya chini nyingine zimezibwa kabisa, betri ikiisha na kofia imeisha. Ikitoka, soma imeandikwa nini. CR2032 utaipata kwa fundi saa. CR2450 huenda ukaifuata Mwanza. La pili, ina vihisi vingapi, yaani vile vijitundu vya mbele vinavyonusa moto? Viwili vinatosha kwa kazi ya mezani. Ukiwa mtu wa kuingia chini ya toroli au kwenye kona za geti, ambako bomba laweza kuziba kihisi kimoja, tafuta vinne. Kujaribu, omba rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye vihisi na ubonyeze. Kofia nyingi hupepesa giza. Hiyo inaonyesha kwamba iko hai. Haionyeshi kwamba ina kasi ya kutosha, kwa hiyo jaribio la kweli ni rodi moja kwa fundi wa jirani, huku dukani wakikuhifadhia haki ya kurudisha.

Lakini ukiniuliza mimi ununue ipi kwa fedha kidogo, sitasita: kofia ya kawaida yenye kidirisha cha kufunguka. Kioo cheusi kiko kwenye fremu inayoinuka, na nyuma yake kuna kioo cheupe kinachobaki mahali pake. Ukimaliza mshono unainua kile cheusi, unachukua nyundo na kugonga uchafu wa rodi, na vile vipande vya moto vinavyoruka vinagonga kioo cheupe badala ya jicho. Haina betri. Haina kihisi. Mvua ya masika haiidhuru, na kioo chake kikivunjika unanunua kioo, si kofia. Watu wanaona ni ya kizamani kwa sababu haina joka. Mimi naiona ndiyo iliyofikiriwa kwa ajili ya uani.

Ngao ya kushika mkononi ni rahisi kuliko zote, na kioo chake kikiwa sahihi haina kosa, ila inakula mkono mmoja. Mkono huo ndio uliokuwa ushikilie chuma, kwa hiyo utamwita mtu akushikie. Hapo tumefika kwenye jambo ambalo madukani halitajwi kabisa.

Uani si karakana. Ukiwasha mashine, wanakuja. Mtoto wa jirani anakaa juu ya kinu, bibi anahama na kigoda chake, mpita njia anasimamisha baiskeli, na kijana wako wa miaka kumi na miwili ameshika mwisho wa bomba akiwa amegeuza uso na kufumba macho. Wewe una kofia. Yule kijana ana kope tu, na yuko karibu na moto kama wewe. Kufumba hakutoshi, mwanga unapenya, ngozi ya uso inababuka, na kila ukishikiza nukta mpya yeye ndiye anayefungua macho mapema kutazama kama imeshika. Dozi hizo hujumlishwa. Ndiyo maana nasisitiza, kwa yeyote mwenye fedha ya kofia moja yenye joka: nunua mbili zisizo na joka. Moja yako, moja ya anayekushikia. Waliobaki wasogeze mbali, weka turubai nzito au mabati kati yao na moto, na kabla ya kila rodi sema kwa sauti, “Macho!” Watoto wataipenda na watakusaidia kuipiga kelele.

Kofia haizuii moshi. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yakichomwa hutoa moshi unaoleta homa na baridi usiku. Kwaruza zinki kwanza, fanyia kazi nje, usimame upande unakotoka upepo.

Na kama umeshachelewa, na unasomewa haya huku umefunika macho kwa kitambaa? Usiyasugue. Usitie maziwa ya mama wala ya ng'ombe, usibandike kiazi, na usiazime matone ya ganzi ya mtu, kwa sababu yakirudiwarudiwa yanaharibu utando uleule unaojaribu kupona. Kaa gizani, kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, dawa ya maumivu ya kumeza. Kama siku imepita bila nafuu, au uoni umefifia, au unahisi chembe ya chuma imeingia, nenda hospitali Mugumu, na mtu mwingine ndiye aendeshe pikipiki.

Ukipona, rudi dukani na kipande cha karatasi: kofia mbili za kidirisha cha kufunguka, vioo vyeusi namba 10 vyenye alama, vioo vyeupe vinne vya akiba kwa sababu cheche huvitia madoa haraka, na miwani myeupe ya grenda. Kama fedha haitoshi, punguza rodi.