Mwongozo kwa Mtumishi Mgeni Anayekwenda Kusini na Ua Lake

Mwongozo huu ni wa mtumishi aliyepata barua ya uhamisho kwenda Nachingwea au Ruangwa, akaaga, akafunga mizigo, na siku ya mwisho akapita kwenye vitalu vya kando ya barabara Dar es Salaam akanunua ua dogo la ndani la kumliwaza ugenini. Lina majani mazito, yanayong'aa. Muuzaji alimwambia mambo mawili: halifi, na linakua haraka. La kwanza lina ukweli wake. La pili lilisemwa kwa sababu pesa ilikuwa tayari mkononi.

Uwezekano mkubwa ni kwamba ulichopakata kwenye basi ni Zamioculcas zamiifolia. Jina ni refu kuliko mmea wenyewe, kwa hiyo hapa tutauita zamio. Ukifika usijitape kuwa umeleta ua la Ulaya. Zamio ni ya huku kwetu: porini inaota kuanzia Kenya, inapita Tanzania na Msumbiji, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Kitalu cha akina Loddiges kule Hackney, London, kilikuwa nayo mwaka 1829. Mjerumani Adolf Engler akaipa jina lake la sasa mwaka 1905. Baada ya hapo ikakaa kwenye bustani za wataalamu bila kumsumbua mtu, mpaka wakulima wa Uholanzi walipoanza kuizalisha kwa wingi mwaka 1996. Ilikwenda Ulaya bila viza, ikarudi na bei.

Sasa ukubwa. Ndani ya nyumba zamio hufika sentimita 45 hadi 60, na ikipendezwa sana na mahali inaweza kukaribia 90. Lakini usinunue rula. Kile unachodhani ni tawi ni jani moja zima, lenye vijani vidogo pande mbili. Linachomoza kutoka udongoni likiwa limejifunga kama mkuki, linakunjuka, linamaliza urefu wake ndani ya wiki chache, kisha basi. Halitaongezeka hata nusu sentimita maisha yake yote. Mmea unakuwa mkubwa kwa kutoa mkuki mwingine, na mwingine, kila mmoja ukiwa umejipangia urefu wake huko huko chini. Kwenye sebule yenye mwanga wa wastani, mikuki hiyo ni michache tu kwa mwaka mzima.

Hapa ndipo watumishi wengi wanapoharibikiwa, maana wamezoea taarifa za robo mwaka. Robo ya kwanza: hakuna ongezeko. Robo ya pili: hakuna ongezeko, changamoto ni upungufu wa maji, mkakati ni kuongeza umwagiliaji. Robo ya tatu: mmea umelala chali, chungu kinanuka. Kumbe katika robo zote hizo kazi ilikuwa inafanyika chini. Zamio ina viazi vinene ardhini, na vikonyo vilivyovimba kwenye shina lake, vyote vimejaa maji. Inaweza kukaa miezi ikinenepesha viazi bila kukuonyesha kitu. Chungu cha plastiki kikianza kupinda ubavuni, au kikapasuka kabisa, hiyo ndiyo taarifa yako, na imeletwa na mhusika mwenyewe.

Uvumilivu huo utakuwa mgumu kwa sababu ya majirani. Umehamia mahali ambapo ufuta unapandwa mvuani na miezi mitatu minne baadaye uko ghalani ukisubiri mnada. Mkorosho unaanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi. Ruangwa ukitaja ukuaji watu watadhani unazungumzia madini ya kinywe, au Namungo, iliyoingia Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huo ndio mwendo unaofahamika. Wewe una majani mapya mawili tangu Pasaka.

Jiandae basi kwa mazungumzo haya, yatakayofanyika barazani wiki ya kwanza.

"Mwalimu, hiki kinaliwa?"

"Hapana, mama."

"Ni dawa ya nini?"

"Si dawa, mama. Pambo tu."

"Haya."

Usijaribu kuiongezea sifa ile "haya". Hasa usiseme kinaliwa kidogo. Majani na viazi vyake vina chembe kali za kalsiamu okzaleti zinazowasha mdomo na koo, na mbuzi wa jirani akikitafuna utajulikana mtaa mzima kwa sababu usiyoipenda. Kiweke juu, mbali na mbuzi na mtoto anayetambaa.

Kuhusu maji, fahamu kwanza kwamba kusini hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Wewe utakiona kiangazi hicho kuwa ni msiba, lakini mmea wako umeumbwa kwa ajili yake. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana kuvuta hewa, na maji yakapotea humo humo. Zamio, hasa ikibanwa na ukame, huvuta sehemu ya hewa yake usiku, jua likiwa limezama. Inaokoa maji, lakini inajenga mwili taratibu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mwendo wake wa kobe. Ukame ukizidi inaangusha vijani, inabaki na vikonyo vyake vilivyovimba, inasubiri. Mgeni akiona hivyo anapata hofu, anachota ndoo. Viazi vilivyokuwa vimepumzika vinaoza ndani ya wiki.

Mwagilia udongo ukishakauka mpaka chini, na chungu kiwe na tundu. Hilo ndilo somo lote la maji, na dada wa kazi alijue pia, kwa sababu akishakukuta umelisahau ua atalihurumia.

Mwanga ni suala jepesi zaidi. Karibu na dirisha, mbali na jua la Oktoba linalochoma majani. Kinachosahaulika ni vumbi. Barabara ya udongo mwekundu ikipitiwa na lori moja tu la mbaazi, majani yako yanabadilika rangi, na katikati ya mwaka wakulima wakipuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, kuna siku itaingia mpaka sebuleni. Jani lililofunikwa halipati mwanga, na mmea usiopata mwanga haukui. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Vile vijani vilivyoanguka utashawishika kuvipanda, na ni kweli vinaota. Kila kimoja, kikichomekwa udongoni, hutengeneza kiazi kidogo chini yake. Kisha kinakaa. Miezi inapita. Mkuki wa kwanza unaweza kuchukua mwaka au zaidi kutokeza. Kwa hiyo usiahidi miche kwenye harusi ya mtu, na usikae usiku na kikokotoo ukizidisha vijani 20 kwa majani sita kwa bei ya Dar es Salaam.

Nachingwea hasa, nakuomba, usipige hesabu za namna hiyo kwa sauti. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake pamoja na Kongwa na Urambo. Kwenye karatasi karanga zilikua vizuri sana. Ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuzileta huko. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni takriban milioni 36 zikiwa zimekwenda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Wazee wa hapa wameshamwona mgeni mwenye makadirio.

Lakini inawezekana kwamba ulichobeba si zamio hata kidogo, kwa sababu kando ya barabara chochote kinene na kijani huuzwa kwa jina la ua la ndani. Kama ni vijiti vyembamba visivyo na majani, ulichonunua ni mnyaa, ule ule wa kuzungushia uani. Utakua ukawa mti wa mita kadhaa, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Kama ni majani magumu yenye ncha kali, yamekaa duara, chunguza kwamba si mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 nchi ilikuja kujaa mashamba na kuongoza dunia kwa singa. Usiupande kwenye kopo la blue band ukauweka juu ya televisheni.

Uhamisho mwingine ukija, na utakuja, usihangaike na chungu kizima. Kitoe, tenganisha viazi kwa mkono, kila kipande kibaki na kiazi chake na angalau jani moja, acha vidonda vikauke siku moja au mbili, kisha panda. Kimoja ondoka nacho. Kingine mwachie mama mwenye nyumba, ambaye wakati huo atakuwa ameacha kuuliza kama kinaliwa na anauliza chake kiko wapi. Ila usikiandike kwenye fomu ya makabidhiano ya ofisi, maana atakayekurithi atalazimika kukitolea taarifa kila robo mwaka.