Upepo wa Saa Tatu

Jumamosi, 30 Agosti

Msimu wa kuwinda kwa upinde umefunguliwa leo hapa Idaho. Tulitoka Boise usiku wa manane, mimi na shemeji, tukashika barabara namba 21 kuelekea Idaho City. Alfajiri ilitukuta tumekaa chini ya korongo, kati ya vichaka vya sagebrush na misonobari ya ponderosa, tukisubiri mwanga wa kisheria. Hapa mnyama haruhusiwi kupigwa mpaka ibaki nusu saa jua lichomoze, hata akija kukusimamia mbele ya macho.

Madume matatu ya mule deer, kulungu wa huku mwenye masikio marefu, yalikuwa yanakula mteremkoni juu yetu. Pembe zao bado zilikuwa na ile ngozi laini yenye vinyweleo ambayo huchubuka mwanzoni mwa Septemba. Shemeji alitoa kichupa cha poda isiyo na manukato, akakibonyeza. Poda ikateremka taratibu kuelekea bondeni. Asubuhi hewa ya baridi ni nzito, hushuka, na harufu ya mtu inashuka nayo. Ndiyo maana tulikuwa tunawapandia kutoka chini.

Kila mara nilipoinua darubini, shemeji alinigusa bega. "Shemeji, pembe hazitoroki. Angalia poda."

Kwenye saa tatu jua liliupata mteremko. Poda ikatoka kwenye kichupa, ikasita hewani usawa wa kidevu, kisha ikaanza kupanda. Dume la kwanza likainua kichwa. Wote wakaondoka kwa ule mruko wao wa miguu minne kwa pamoja, kila mruko unavuka kichaka kizima. La mwisho lilisimama juu ya kilima, likageuka kututazama, likatoweka.

Jumatatu, 1 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi, hakuna kazi, tumerudi porini. Soli ya buti la kushoto imeachia tukiwa mbali na gari. Tuliifunga kwa kamba ya hema. Mbegu za nyasi kavu za huku zina miiba midogo inayoingia kwenye soksi na haitoki. Jioni mke wangu, Mama Neema, alikaa na soksi barazani, anazichomoa mbegu moja moja kwa kibanio cha nyusi. Soksi mbili zimetupwa. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, fundi viatu alikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Hapa nimezunguka na buti mkononi mpaka nikanunua gundi.

Kulungu hatukumwona.

Jumamosi, 6 Septemba

Moshi wa moto wa msituni. Darubini inaonyesha weupe mtupu na barabara ya msitu imefungwa. Tumerudi.

Jioni tulikwenda uwanja wa mazoezi. Sheria ya Idaho inataka upinde wa kuwindia wanyama wakubwa uwe na mvuto usiopungua ratili 40. Wangu unapita hapo, lakini shemeji haniulizi habari za nguvu. Anachouliza ni umbali ambao mishale yangu yote inatua ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Kwa sasa ni yadi 30. Basi huo ndio mpaka wangu porini. Mnyama akiwa mbali zaidi ya hapo, namtazama tu. Naliheshimu sana sharti hili. Mshale haumwangushi mnyama kwa kishindo kama risasi. Chembe chake kinakata mapafu na damu inatoka. Ukikosea kwa upana wa kiganja, mnyama anaondoka na jeraha na kwenda kufia mahali ambapo hutamwona.

Jumamosi, 13 Septemba

Madume hayaonekani tena mahali pa wazi. Pembe zimeshachubuka, na sasa wamejificha kwenye vichaka vizito. Mchana wanalala kivulini, na kivuli kinapohama nao wanainuka, wanageuka, wanalala upya. Huo ndio wakati wa kuwagundua.

Leo moja lilinisogelea lenyewe. Dume la ncha mbili kila upande lilitoka kwenye misonobari midogo, yadi 27 kwa kipima umbali. Nilikuwa nimeshavuta upinde. Lilisimama likinielekea uso kwa uso, kifua mbele, mbavu zimefichika. Niliona mshipa mwembamba juu ya jicho lake na unyevu puani. Masikio yaligeuka moja baada ya jingine, kila moja kwa wakati wake. Nilisubiri ligeuke ubavu. Mikono ikaanza kutetemeka, nami nikaulegeza upinde polepole. Shabaha ya mbele namna ile, mshale unapita kwenye mifupa na bega. Mapafu yana mlango mwembamba sana. Halikuwa la kupigwa.

Hapo zikasikika kengele. Kundi la kondoo lilivuka mgongo wa kilima na kujaza korongo lote, na mbwa wakubwa weupe wa ulinzi wakatubwekea mpaka tulipoondoka. Mchungaji alitupungia mkono. Kondoo wana kibali cha kulisha pale, kama sisi tulivyo na kibali cha kuwinda.

Jumamosi, 20 Septemba, kuamkia Jumapili

Shemeji amepata. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, poda imeanza tena kushuka, na sisi tuko chini ya mnyama. Dume dogo lilipita ubavu, yadi 24. Nilisikia upote, kisha mlio wa mshale kupita.

Alitazama saa, akakaa chini. Nusu saa hatukusogea. Mnyama aliyepigwa akifukuzwa mara moja hupata nguvu ya kwenda mbali. Akiachwa, hulala karibu. Tulipofika, damu kwenye majani ilikuwa nyekundu, yenye povu: mapafu. Ingekuwa nyeusi nyeusi, tungesubiri saa kadhaa. Tuliifuata kwa tochi, shemeji mbele, mimi nikisimama kwenye kila tone la mwisho ili tusipoteze njia. Tochi yangu ilizimika katikati. Dume lilikuwa limelala chini ya mti wa kwanza mkubwa.

Kabla ya kisu, karatasi: alikata mwezi na tarehe kwenye kibali, akakifunga kwenye mnyama. Ngozi ikatoka haraka, maana joto ndilo adui wa nyama ya Septemba, na usiku ulikuwa bado wa vuguvugu. Mzigo wa kwanza tuliubeba usiku uleule. Uliobaki tuliutundika mtini ndani ya mifuko ya pamba, tukaufuata kulipokucha. Nyigu walishafika. Mmoja aliniuma shingoni, mwingine akamuuma shemeji kidoleni, na kidole chake sasa hakiingii kwenye kifyatuo cha upinde.

Jumapili, 21 Septemba

Ugonjwa wa kukondesha kulungu uligunduliwa Idaho kwa mara ya kwanza mwaka 2021, na idara ya wanyamapori inapokea sampuli za tezi. Tulikipeleka kichwa, leo Jumapili, pamefungwa. Mama Neema amekataa kisiingie kwenye friza ya chakula. Kimelala garini kwenye sanduku la barafu, barafu inabadilishwa.

Nyama tumeigandisha, haiguswi mpaka majibu yatoke. Simu zimepigwa tangu asubuhi. Mama mkwe ameshatwanga sombe, yaani kisamvu, mzee wa kanisa ameuliza habari ya paja. Shemeji anawajibu wote jambo moja: subirini.

Ijumaa, 26 Septemba

Mpwa wangu aliyefika kutoka Kigoma mwezi Mei alitaka kuungana nasi. Nimempeleka dukani kukata leseni. Karani alitazama tarehe yake ya kufika, akatikisa kichwa: mkazi wa Idaho kwa leseni ni aliyekaa miezi sita, na yake itatimia Novemba. Msimu wa bunduki wa korongo letu unaanza 10 Oktoba na Novemba utakuwa umefungwa.

Mpwa amenuna njia nzima. Nimemwambia, na ninawaambia wote mnaofika mwaka huu: msikae bure miezi hiyo sita. Aliyezaliwa 1 Januari 1975 au baada yake anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji, na upinde una mafunzo yake. Jiandikisheni sasa, na mkimaliza, njooni na kichupa cha poda.