Jinsi ya Kusomea Ualimu wa Kihispania Nchini Brazili Bila Kuombwa na Mtu

Sharti la kwanza ni kuzaliwa Brazili. Ukizaliwa Madrid au Bogotá mambo yatakuwa mepesi mno, na mwongozo huu hautakufaa. Zaliwa katika nchi ya Kireno inayopakana na nchi 7 zinazosema Kihispania, kuanzia Venezuela kaskazini hadi Uruguay kusini, kisha ukue ukiamini kwamba lugha ya majirani haihitaji kusomwa, inahitaji tu kutegewa sikio. Utotoni uwe umelelewa na "Chaves", komedi ya Mexico ambayo kituo cha SBT kilianza kuirusha mwaka 1984 na ambayo Wabrazili wengi wameikariri hadi leo. Imetiwa sauti za Kireno mwanzo hadi mwisho, lakini hilo lisikupunguzie imani.

Ukishahitimu sekondari, watangazie ndugu nia yako. Ngoja mlo wa Jumapili, watu wakiwa wameshiba. Mama atauliza kwa upole kama nafasi za Kiingereza zimejaa. Mjomba atasema, "Kihispania? Mbona hata mimi nakijua," kisha atathibitisha kwa kutamka Kireno chake kilekile polepole, kwa sauti ya juu, akibandika "-ción" kwenye kila neno litakalopita karibu. Usibishane naye. Mjomba ndiye sera ya taifa, na utakutana naye tena mbele ya safari akiwa amevaa tai.

Kuingia chuoni kunapitia mtihani wa taifa, ENEM. Tangu 2010 mtihani huu una sehemu ya lugha ya kigeni, na mtahiniwa huchagua Kiingereza au Kihispania. Ni maswali 5 kati ya 180. Kifungu cha kusoma kimeandikwa kwa Kihispania. Swali lenyewe na majibu ya kuchagua vimeandikwa kwa Kireno, asije mtu akaumia. Kila mwaka umati wa vijana ambao hawajawahi kukaa hata kipindi kimoja cha Kihispania hukichagua kwa moyo mkunjufu. Hao ndio watakaokuwa wanafunzi wako, au tuseme wangekuwa.

Chagua chuo kikuu cha serikali kuu, kwa kuwa hakitozi ada. Kozi inaitwa Letras, na cheti unachotaka ni licenciatura, yaani shahada inayokuruhusu kufundisha shuleni. Ni miaka 4 na saa zisizopungua 3,200. Ukikuta shahada pacha, Kireno na Kihispania kwa pamoja, ikamate kwa mikono miwili. Kihispania ni cha moyo. Kireno ndicho kitakacholipa pango.

Chuoni utapata habari mbaya mapema: kadiri lugha inavyofanana na yako, ndivyo inavyozidi kukutega. Mchina anayejifunza Kihispania anajua kwamba hajui. Wewe utaelewa mhadhara mzima siku ya kwanza, utacheka palipo na mzaha, kisha utafungua mdomo na kutoa kitu ambacho si cha Lisbon wala cha Lima. Kireno chako kina irabu za kufungua, za kufumba na za kupitisha puani. Kihispania kina tano tu, safi, hazibadiliki. (Msomaji wa Kiswahili una haki ya kutabasamu hapa. Ni zilezile zetu, na Mbrazili hutokwa jasho miaka 4 kuzitafuta.) Halafu kuna jinsia za nomino. Maziwa, chumvi na pua ni vya kiume kwa Kireno na vya kike kwa Kihispania. Mti na safari vimefanya kinyume, bila shaka ili kusawazisha hesabu. Hakuna kanuni itakayokuokoa. Kariri, na ukosee mbele ya watu.

Jiandae pia kuchagua upande kuhusu "ninyi" na "wewe". Vitabu vilivyochapwa Hispania vitakudai "vosotros", ambayo majirani zako wa Amerika Kusini hawaitumii katika mazungumzo yao ya kila siku. Wao husema "ustedes". Ukivuka mpaka wa kusini, Waajentina na Wauruguay wanakuita "vos" ukiwa mmoja, na kitenzi kinapindishwa kivyao. Mhadhiri mmoja atakukata alama kwa kutumia hili, mwingine kwa kutumia lile. Wote wawili watakuwa na shahada za uzamivu, kwa hiyo wote wawili wana haki. Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika ambako Kihispania ni lugha rasmi, utaikuta kwenye ramani ya ukurasa wa kwanza, na kwa kawaida hapohapo ndipo mtakapoachana.

Sasa tuje kwenye somo ambalo halimo kwenye mtaala na ambalo ndilo litakaloamua maisha yako: historia ya sheria. Mwaka 1942, mageuzi ya Waziri wa Elimu, Capanema, yalikiingiza Kihispania katika ratiba za sekondari. Mwaka 1961, sheria mpya ya elimu iliacha kuzilazimisha shule kufundisha lugha za kigeni, nacho kikatoka na wenzake. Mwaka 1991 ikaundwa Mercosul, soko la pamoja na Ajentina, Uruguay na Paraguay, na viongozi wakaanza kupigwa picha wakizungumza lugha ya Mjomba. Agosti 2005, Rais Lula akatia saini Sheria 11.161: kila shule ya sekondari ya juu itoe Kihispania, kwa muda wa maandalizi wa miaka 5. Soma masharti yake kwa makini, maana ni kazi ya sanaa. Shule ilazimike kufundisha. Mwanafunzi asilazimike kusoma.

Hata hivyo watu walifurahi, na vijana wakajiandikisha kusomea ualimu huo. Septemba 2016, Rais Temer akatoa amri ya dharura kuhusu sekondari, kana kwamba ratiba ya vipindi ilikuwa inawaka moto. Februari 2017 amri ikawa sheria: Kiingereza ni lazima, Sheria 11.161 imefutwa, na lugha nyingine zinaweza kutolewa kwa hiari, hasa Kihispania, kutegemea kama kuna nafasi, mahali na saa. Ikariri orodha hiyo. Mkuu wa shule atakujibu nayo kila Januari.

Walimu hawakunyamaza, na hapa naacha mzaha kidogo. Jimbo la Rio Grande do Sul liko mpakani, na katika mji wake wa Santana do Livramento unavuka barabara na kujikuta Rivera, Uruguay. Katika jimbo hilo walimu na wanafunzi walianzisha harakati ya "Fica Espanhol", Kihispania Kibaki, na mwishoni mwa 2018 wakafanikiwa kukiandika katika katiba ya jimbo. Ni ushindi wa kweli. Pia ni fundisho kwako kwamba somo la hisabati halijawahi kuhitaji mabango. Mwaka 2024 sekondari ilipofanyiwa mageuzi tena, Seneti ilikirudisha Kihispania kuwa lazima. Baraza la Wawakilishi likakitoa kabla ya Julai kwisha. Miongoni mwa hoja zilizotolewa dhidi yake ilikuwa uhaba wa walimu. Ukisikia hoja hiyo ukiwa na cheti mkononi, vuta pumzi kwanza.

Mazoezi ya kufundisha ni saa 400, na ugumu wake ni kuipata shule yenye Kihispania. Ukiipata, kaa nyuma ya darasa na shajara yako mpaka mwenyeji wako atakapogundua kwamba unaweza kubaki peke yako. Hiyo itakuwa siku ya pili. Andalio la somo uliloliandika kwa wiki nzima litakufa dakika ya 4, mwanafunzi atakapouliza, "Mwalimu, kwani hiki si Kireno kilichokosewa tahajia?" Jibu lipo, linahitaji saa 3,200, na kipindi kina dakika 50.

Kuhusu ajira, subiri mtihani wa umma wa jimbo au manispaa. Tangazo likitoka, hesabu nafasi za Kihispania kwa vidole vya mkono mmoja, na usishangae vidole vikibaki. Kima cha chini cha mshahara wa walimu kwa wiki ya saa 40 kilikuwa reali 4,867.77 mwaka 2025, na sheria ya 2008 inataka theluthi ya muda huo iwe ya kuandaa masomo na kusahihisha. Sasa piga hesabu. Somo lako lina kipindi kimoja kwa wiki. Kujaza vipindi 26 unahitaji madarasa 26. Darasa likiwa na watoto 30, una watoto 780 wa kuwajua majina, huenda katika shule tatu na mabasi matano. Pakibaki pengo kwenye ratiba utapewa kipindi cha "Projeto de Vida", Mradi wa Maisha, ambapo utawashauri vijana jinsi ya kuchagua taaluma yenye soko. Fundisha kwa uso mkavu.

Kama baada ya haya bado una nguvu, rudi chuoni ukachukue shahada ya pili, ya Kiingereza, hiyo inayolindwa na sheria. Maombi ya vyuo vya serikali hufunguliwa Januari, nayo hutumia alama za ENEM. Kwenye sehemu ya lugha ya kigeni chagua Kihispania. Hayo ni maswali 5 ya bure.