Mwambie Mumeo

Kwa miaka mitatu matairi yangu hayakunitia aibu hata siku moja, nami nikayaamini. Kumbe uaminifu wao ulikuwa wa mwizi aliye korokoroni: haibi kwa kuwa hana pa kuibia. Ukikaa Kipevu, gari lako huishi nyuma ya trela la kontena. Mbele trela, nyuma trela, ubavuni tuktuk inakuchungulia. Ukiwahi kutia gia ya nne kabla ya Changamwe, andika tarehe.

Nilikuwa nimeyanunua yote manne yakiwa yametumika, yamepakwa dawa nyeusi yaking'aa kama viatu vya bwana harusi. Meno mazima. Nikapitisha kidole, nikaguna kama mjuzi, nikalipa.

Jumamosi moja tukaalikwa harusi Ukunda. Zamani tungekwenda Likoni kupanga foleni ya feri. Siku hizi unatoka Kipevu, unashika barabara ya Dongo Kundu, unavuka Mwache, kisha daraja la Mteza, zaidi ya kilomita moja juu ya maji. Mke wangu mbele, mama mkwe nyuma, bakuli la kaimati mapajani. Lami nyororo, trela hakuna. Probox yangu ikawa kama mbuzi aliyekata kamba: 80, 100, 110.

"Mwambie mumeo," mama mkwe akamwambia binti yake, maana mkwe kwetu hakemewi uso kwa uso, "Ukunda haihami."

Nikacheka. Tairi la nyuma kulia nalo likacheka, kunishinda. Paa! Nyuma ya gari ikaanza kukata kiuno kama iko kwenye chakacha. Mguu wangu uliganda kwa hofu, haukufika breki, na fundi aliniambia baadaye kuwa woga huo ndio uliotuokoa. Gari likajikokota hadi ukingoni. Kaimati moja ilinata kwenye kioo cha nyuma, ikichuruzika shira polepole. Nyingine hatujaziona mpaka leo.

Spea ilikuwa laini kama chapati. Bodaboda ikatuletea fundi wa pancha, akageuza mzoga wa tairi, akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 2310.

"Wiki ya 23, mwaka 2010. Ami, hii tairi ni kubwa kwa mwanangu, na yeye yuko gredi ya saba."

"Lakini meno..."

"Meno si umri. Mpira hukauka hata ukiwa stoo. Ukiukimbiza unachemka, ngozi inaachana na waya."

Msaidizi wake, kijana wa filamu za magari, akamtaja mwigizaji Paul Walker, aliyefariki Marekani mwaka 2013 ndani ya Porsche: wachunguzi walitaja mwendo wa kasi na matairi yenye miaka 9. Porsche! Na mimi na Probox. Serikali hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8; mimi nikalivisha langu viatu vya babu yake.

Harusini tulifika watu wakinawa mikono. Mama mkwe alirudi kwa feri.

Sasa akija kututembelea, hapandi gari kabla ya kuvaa miwani. Hulizunguka taratibu, huinama kila gurudumu, kisha hunyanyuka akishika kiuno.

"Mwambie mumeo," husema, "la mbele kushoto ni la 2012."