Sifa za Mathenge, Fundi wa Makanisa

Mwerezi wa Lebanoni ulishapata manabii wa kuusifu. Mathenge, mti wa miiba, hutajwa kwa matusi tu, na mimi naona hiyo si haki, maana katika kila kanisa kuukuu nililopelekwa na madalali kati ya Kerio na Kakuma, fundi niliyemkuta kazini alikuwa yeye.

La Kerio lilikuwa na kuta za mawe, mabati ya kutu na harufu ya popo. Nikalipenda papo hapo. Kichwani nilishaligeuza nyumba ya wageni: madhabahuni jiko, sakristia bafu, na pale penye kwaya vitanda vya watalii waendao Ziwa Turkana. Mathenge hakuwa na muda wa kuota. Alishapitia dirisha la sakristia, akapasua sakafu ya saruji hadi mlangoni, akatoa kichwa pale bati lilipong'oka. Hakudai malipo ya kwanza. Hakusema anakwenda dukani mara moja kununua misumari, kisha simu ikawa haipatikani. Jua la saa nane, ambalo limemfukuza kila fundi niliyewahi kumlipa, yeye humkuta pale pale. Mizizi ya jamaa zake huko Arizona imewahi kukutwa zaidi ya mita 50 ardhini. Nionyesheni mkandarasi anayechimba msingi hivyo bila kudai nyongeza. Mkate leo, mvua ikinyesha atarudi na vibarua wanne.

Fadhila nyingine ni ndogondogo: makaa, kivuli, riziki ya waziba pancha. Mbuzi humpenda kwa maganda yake matamu, na meno yakishaoza kwa utamu huo, shida ya kutafuna imekwisha. Watu wa Baringo hawakuuona wema huo; walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo.

Ningeendelea kumtetea, ila mwiba wake ulipenya soli ya kiatu ukanifika unyayoni. Nani aliuleta mti huu hapa? Haukuja kwa miguu. Miaka ya 1980 miradi ya serikali na wafadhili iliupanda Turkana eti uzuie jangwa, wananchi wenye njaa wakilipwa chakula kwa kazi hiyo. Chakula kikaisha, wataalamu wakapanda magari yao, wa kupogoa hakubaki. Kalokol nako Norwei ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki, ziwa likarudi nyuma. Kujengewa tunajengewa sana. Wa kukaa na kitu baada ya utepe kukatwa ndiye haonekani.

Na wauzaji je? Kakuma, kambini kwa wakimbizi, muuzaji alikuwa anasubiri ndege. Aliniuzia kuta za udongo na mabati, ardhi akasema si yake. Huyo angalau alisema kweli. Kerio niliambiwa hati iko njiani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na hata kaunti hairuhusiwi kuiuza. Sasa nauziwa nini? Dalali akapiga simu. Akaja mzee wa kanisa, akaja mwingine aliyesema mzee halisi ni yeye, na kila mmoja alitaka arbuni mkononi.

Nikaomba basi wapunguze bei, maana kuung'oa ule mti peke yake ni gharama. Bei ikapanda.

"Hicho ni kivuli, mkubwa," dalali akanifahamisha.