Jinsi ya Kumsubiri Mavu wa Asia Ukiwa Rongai

Hongera kwa kununua mizinga. Umestaafu, au uko mbioni kustaafu, una ekari mbili Rongai (ya Nakuru, si ile ya matatu zenye muziki), na muuzaji amekuhakikishia kwamba nyuki hawalishwi, hawachungwi wala hawaugui. Umeipanga mizinga yako ya Langstroth juu ya stendi fupi za mbao, umeipaka rangi ya manjano, umeipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia. Usiku huohuo simu ikakuletea video ya mavu wa Asia akielea mbele ya mzinga huko Ufaransa, akiwanyakua nyuki mmoja mmoja na kuwakata vichwa. Usingizi ukakatika. Mwongozo huu ni wako.

Adui kwanza ajulikane. Mavu wa Asia, mwenye miguu ya njano, aligunduliwa kusini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 2004, na inaaminika alifika na shehena ya vyombo vya udongo kutoka China. Mwaka 2016 alikuwa amevuka hadi Uingereza. Binamu yake, mavu mkubwa kuliko wote duniani, alionekana katika jimbo la Washington, Marekani, Desemba 2019. Wamarekani wakawafunga mavu wachache vifaa vidogo vya redio, wakawafuata hadi kwenye kiota, wakawanyonya kwa mashine, na Desemba 2024 wakatangaza kuwa wamewamaliza. Kutoka huko hadi Rongai ni mbali, na hakuna meli inayotia nanga Ziwa Nakuru. Lakini hofu haisubiri viza, kwa hiyo endelea kujiandaa.

Tengeneza mtego kama wafanyavyo Ufaransa. Kata chupa ya plastiki, tia bia, divai na sharubati, uitundike karibu na mzinga. Asubuhi utakuta nzi, nondo, vipepeo wawili watatu wasio na hatia, na pengine kijana wa shamba akiulizia bia iliyobaki. Mavu wa Asia hatakuwemo. Andika kwenye daftari: mavu, hakuna. Hiyo ndiyo kinga pekee katika ufugaji wa nyuki Kenya inayofanikiwa kila siku bila kukosa.

Kisha ziba mlango wa mzinga kwa wavu wa matundu yanayompitisha nyuki na kumzuia mavu. Kazi nzuri. Sasa mkaribishe nyegere, ambaye hajawahi kuutumia mlango wa mzinga tangu azaliwe. Nyegere huja usiku. Huusukuma mzinga hadi uanguke, hung'oa kifuniko kwa kucha, akala asali na majana pamoja, na nyuki wakimvamia hutulia, kwa sababu ngozi yake ni nene na imelegea kiasi kwamba miiba mingi haimfikii. Stendi yako fupi kwake ni meza iliyokwisha kuandaliwa. Muulize mzee yeyote kutoka Baringo kwa nini mzinga wake wa gogo uko juu ya mgunga, tena kwenye tawi jembamba, nawe ukadhani ni ushamba. Hata mzinga wa Kenya wa mataruma ya juu, uliobuniwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, haukukusudiwa kukaa chini. Huning'inizwa kwa waya kati ya nguzo mbili, juu ya kimo cha mnyama huyu. Muuzaji wako hakukwambia hayo kwa sababu waya hauna faida kwake.

Waya wenyewe ukiachwa mkavu ni barabara ya siafu. Mvua za Aprili zikianza wanapanda kwa safu, na ukifika asubuhi kundi zima limehama au limekufa. Dawa yake ni grisi ya gari kwenye waya, au miguu ya stendi kutumbukizwa katika makopo ya oili chafu, na nyasi kufyekwa ili jani moja lisije likawa daraja. Ni kazi ya jasho, haina video ya kusisimua, na ndiyo sababu hujaisikia.

Usisahau matibabu. Utasoma kwamba utitiri uitwao varoa umeangamiza nyuki Ulaya na Marekani, na kwamba lazima ununue dawa. Ni kweli varoa yuko Kenya; alitambuliwa mwaka 2009. Ila nyuki wetu husafishana, wakichokozwa sana huhama, na kwa sehemu kubwa wameishi naye bila kupelekwa kwa daktari. Mbawakawa wadogo wa mzinga nao wamekuwa wenyeji wa huku siku zote. Nyuki walio wengi na wenye nguvu huwasukumia pembeni, huwazungushia gundi ya miti na kuwawekea walinzi. Mbawakawa hawahawa walipofika Florida na kutambuliwa mwaka 1998 ilikuwa kilio, kwa kuwa nyuki wa Ulaya hawakuwa na habari nao. Na nyuki waliochukuliwa Tanganyika na Afrika Kusini kupelekwa Brazili mwaka 1956, wa ukoo mmoja na wako, walitoroka, wakazaana, wakafika Texas mwaka 1990 wakiitwa nyuki wauaji. Kwa hiyo huko Texas kuna mstaafu kama wewe, naye hajalala, anamwogopa nyuki wako.

Ikiwa moyo wako hautatulia mpaka umwone kiumbe vamizi, panda gari la Marigat. Huko utakutana na mathenge, mti ulioletwa mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Ukaziba malisho na njia, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, hadi Wailchamus wakaishtaki serikali na mbuzi kibogoyo akafikishwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Nyuki hawakuwa mashahidi wa upande wowote. Wao hupenda maua ya mathenge, na sehemu ya asali inayouzwa kwa chupa kando ya barabara ile imetoka humo. Ukiuziwa hapo, onja kwanza. Kuna chupa zenye sukari ya kupikwa nyingi kuliko asali.

Kwenye msitu wa Mau mambo si ya kuchekesha sana. Waogiek walipachika mizinga ya mierezi juu ya miti vizazi na vizazi, na hakuna mavu aliyewaondoa. Iliyowaondoa ni serikali, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika jijini Arusha ikaamua kwamba kuwafukuza kulivunja haki zao. Mti ukikatwa, mzinga hushuka nao, na maua ya mwaka ujao pia.

Turudi shambani kwako. Ukiwa umeinamia simu, jirani anapulizia nyanya zake dawa saa sita mchana, maua yakiwa wazi na nyuki wako wakiwa juu yake. Mwongozo wa mtandaoni haumtaji jirani. Kumwomba apulizie jioni, nyuki wakishalala, hakuhitaji kifaa chochote ila salamu na pengine chupa ya asali, ndiyo maana hakuna anayekutangazia njia hiyo. Ukumbuke kuwa uko kaunti iliyojenga jina kwa pareto, ua ambalo sumu yake haichagui kati ya mbu na nyuki.

Kuna pia adui mwenye miguu miwili, isiyo ya njano. Huja na kienge kinachowaka, huchoma kundi, hukata masega yote pamoja na majana, na kesho yake huuza ndoo ya asali yenye harufu ya moshi. Dhidi yake hakuna mtego wa chupa. Kuna kujuana na vijana wa kijiji, na kurina kwa wakati ili asikute cha kuiba.

Mavu wa Asia akionekana kweli Nakuru, mpige picha uipeleke kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, usimtumie dada yako aliye Leeds. Leo lakini inua stendi, na upite gereji yoyote ununue mkebe wa grisi.