Sifa za Dampu, Mla Diski

Mafundi wenzangu wa Mpanda wameamua kulichongea dampu. Wanasema linakula diski, linakula mtandao na halisomwi na mtu. Basi lizimwe kwenye kila kompyuta ya ofisi, na ule utaratibu wa kulituma mtandaoni ung'olewe kabisa. Naomba nilisifie kabla halijanyongwa.

Kwa asiyelijua: kompyuta ikianguka na kuleta skrini ya bluu, haifi papo hapo. Kwanza inamwaga yaliyomo kwenye kumbukumbu yake. Kwa kuwa saa hiyo haiuamini tena mfumo wake wa mafaili, Windows inayamwaga kwenye pagefile, na ikishawaka upya ndipo yanageuzwa faili liitwalo MEMORY.DMP. Niambieni mtumishi gani, kuanzia halmashauri hadi ghala la tumbaku, anayeandika taarifa ya kosa lake mwenyewe huku anakata roho, tena bila posho.

Ni kubwa, sikatai. Limelala pale kama kiboko wa Mto Katuma mwezi wa Oktoba, maji yamekauka na hataki kusogea. Lakini bila diski kujaa, nani angegundua kwamba kompyuta ya mhasibu imebeba muvi za Kikorea zilizotafsiriwa, msimu wa kwanza hadi wa mwisho?

Kwamba halisomwi, hilo ni kweli, na lina faida zake kwa fundi. Mteja analeta mashine, anaulizwa kama ana data za muhimu, inapigwa Windows upya. Ushahidi unafutwa wote, kisha dereva mbovu wa printa anarudishwa kutoka kwenye flashi ileile. Baada ya wiki kadhaa mteja karudi, fundi anakula tena. Waliowahi kulifungua kwa WinDbg na kuandika !analyze -v wanaijua hasara yake: mara nyingi linataja mtuhumiwa kwa jina. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta kama milioni 8.5 duniani zilipoanguka na watu wakadhani wamevamiwa, dampu zilimtaja csagent.sys, dereva wa programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Mlinzi mwenyewe! Sasa ukishapewa jina, kazi inakwisha kwa dakika kumi, na nani atakulipa hela ya maana kwa dakika kumi?

Ugomvi mkubwa uko kwenye mtandao. Linux ina netconsole, iliyoanzishwa na Ingo Molnar mwaka 2001: mfumo unapoanguka, maneno yake ya mwisho yanarushwa kwa mashine jirani kwa UDP, bila kusubiri jibu. FreeBSD 12.0 ya mwaka 2018 ikaja na netdump, inayotuma kumbukumbu yenyewe. Inafaa sana pale diski ndiyo iliyoua, au haipo. Wapinzani wanapiga hesabu: GB 16 kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya dakika ishirini. Sawa, ofisi itakwenda kunywa chai. Hoja yao nzito ni nyingine. Faili hilo hubeba chochote kilichokuwa kumbukumbuni: nywila, barua ambayo haijakwisha, mshahara wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, haichekei mambo hayo. Hapo nakubali: lisivuke ukuta wa ofisi.

Ila sifa yake kubwa ni ukimya. Umeme ukikatika ghafla, dampu haliandiki kitu. Litaandika saa ngapi? Mji huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa, na mpaka leo kila kompyuta inayokufa husingiziwa umeme. Fungua folda. Ukilikuta faili na saa yake inalingana na saa ya kifo, umeme huenda hauna hatia; kamata dereva au RAM. Usipolikuta, na diski ina nafasi na pagefile ipo, anzia kwenye soketi, pawa saplai na betri ya UPS. Mtu amewahi kutaka kubadilishiwa ubao mzima wa kompyuta, shida ikawa ni waya uliolegea ukutani. Faili ambalo halikuwepo ndilo lililomwokolea hela.

Kura yangu basi: dampu dogo libaki kwenye kompyuta za kawaida, kubwa libaki kwenye seva, na lile la mtandaoni litumwe ndani ya jengo tu. Kuna kikwazo kimoja ambacho wapinzani hawajakigusa. Swichi ya kulipitisha imechomekwa soketi moja na birika la umeme, na hao wanaokwenda kunywa chai ndio watakaoichomoa.